Leza ya Mwalimu wa Kwaya

Mimi ni mtu wa kompyuta. Kazini kwangu kule Mtumba, kwenye ofisi za serikali Dodoma, printa ikigoma naitwa, mtandao ukikata naitwa, na kuna siku niliitwa kuangalia birika la umeme la chai ya mkurugenzi. Nikaliangalia, likapona. Ukiitwa hivyo miaka kadhaa kichwa kinavimba. Unaanza kuamini hakuna kitu duniani kinachoweza kumshinda mtu mwenye bisibisi ndogo na subira. Subira sina, lakini bisibisi ninazo seti nzima.

Niseme lililo wazi mapema, asije mtu akajifanya kushangaa huko mbele. Ile leza niliyomtengenezea baba yangu haikuwa na ubovu wowote. Mkono wa baba ndio uliokuwa unatetemeka. Kwaya nzima ilishaona, mama alishaona, mlinzi wa kanisa alishaona. Aliyekuwa bado hajaona ni mimi, na mimi ndiye niliyekuwa na mita ya kupimia.

Baba ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Anakaa mtaa wa Kikuyu, hapahapa Dodoma, na mama, na kwaya ya kanisa letu ameifundisha tangu sijazaliwa. Hatumii karatasi. Ana ubao mrefu kama mlango, aliupaka rangi nyeupe kwa mkono wake, na juu yake amechora ngazi ya sauti: do chini kabisa, halafu re, mi, fa, so, la, ti, na do nyingine kule juu. Wimbo mpya ukija, anagusa ngazi kwa fimbo na sisi tunaimba alichogusa. Kwanza wote tunaimba sauti moja mpaka iingie, ndipo tunagawana. Wengi wetu hatujui kusoma muziki, na wawili watatu hata barua wanasomewa, lakini mbele ya ile ngazi tunaimba chochote. Watu arobaini, macho yote kwenye ncha ya fimbo, utadhani kuku wanaosubiri kumwagiwa mtama.

Mwaka juzi goti lake likaanza visa. Kusimama saa mbili likawa halitaki, akaweka kiti kando ya ubao akawa anaonyesha amekaa. Tatizo, baba ni mtu mpana. Akikaa pale, wale wa sauti ya kwanza walioko kushoto hawaoni kitu kuanzia do mpaka fa, wanabahatisha tu, na sauti ya kwanza ikibahatisha kanisa zima linajua. Kamati ya kwaya ikakaa. Ikatoka na ile lugha ya kamati: mwalimu amefanya kazi kubwa, hakuna asiyejua, hivyo ingependeza baada ya Pasaka akapumzishwa, na kazi ishikwe na msaidizi wake, ambaye ni muuguzi, mwanamke mmoja mpole mwenye sikio zuri. Walimwambia kwa adabu zote, na soda wakampa.

Siku ile baba alirudi nyumbani hakula. Mama alipomuuliza, alisema kupumzishwa ni kuzikwa huku unaangalia. Mama akaniambia kwenye simu, na mimi nikapandwa na hasira ya kutosha watu watatu. Baba yangu awekwe pembeni kama kiti kibovu, kisa goti?

Jumamosi iliyofuata mazoezini nikasimama mbele ya watu wote, nikatangaza kwamba hapa hakuna tatizo la mwalimu, kuna tatizo la umbali. Mwalimu akae hatua kumi kutoka kwenye ubao, pembeni yetu, aonyeshe ngazi kwa mwanga wa leza. Kila mtu ataona. Mwenzangu mmoja wa sauti ya pili akasema leza zimejaa mjini, hata watoto wanachezea paka. Nilimwangalia kama aliyenitukania ukoo. Nikasema hizo za kuchezea paka wakachezee paka, ya mwalimu nitaitengeneza mwenyewe. Mdomo wangu huo, utaniua siku moja.

Nikaenda Chang'ombe, hii yetu ya Dodoma, kwa fundi redio ninayemfahamu, nikamwomba mashine mbovu za kuchezeshea diski, maana ndani yake mna dayodi ndogo kama kichwa cha njiti ya kiberiti, inayotoa mwanga mwekundu. Ya kwanza niliiunga moja kwa moja kwenye betri. Iliwaka vizuri ajabu kwa muda wa kupepesa jicho, halafu ikafa. Ya pili niliiunga kinyume, hiyo haikuwaka hata kuaga. Fundi akaniuliza, kwa heshima kabisa, kama zile mashine ninazotengeneza huko serikalini huwa zinabaki nzima. Akanipa rezista ya kupunguza umeme na kipande cha tatu, alichokitoa kwenye pima maji ya leza ya wajenzi. Kwa namna wanavyojenga upande wa Mtumba, pima maji zilizodondoka kutoka ghorofani anazo gunia zima. Hicho mwanga wake ulikuwa wa upole, hauumizi macho, na hakikufa. Nikakipachika ndani ya kalamu nene ya ubaoni iliyokwisha wino, nikaweka lenzi mbele, swichi ya tochi ubavuni, nikafunga na utepe mweusi. Nilipokiwasha sebuleni kwangu, nukta nyekundu ikakaa ukutani imetulia tuli. Nilijipigia makofi. Nilikuwa peke yangu, kwa hiyo hakuna aliyenizuia.

Siku ya kukijaribu haikuonekana nukta. Saa tisa mchana Dodoma, jua linaingia kwa madirisha sita yasiyo na pazia, leza ya nani itaonekana? Nikadhani betri, nikabadilisha. Nikadhani rezista, nikapima. Muuguzi alinitazama muda mrefu, kisha akavua kitenge alichojifunga juu ya gauni akakitundika dirishani. Wengine wakafuata. Dakika tano baadaye kanisa lilikuwa giza la vitenge, na nukta ikajitokeza ubaoni, nyekundu, ya duara, yangu. Watu wakapiga vigelegele. Baba akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu ile soda ya kamati.

Akaielekeza kwenye so.

Nukta ikagusa so, ikapanda la, ikarudi so, ikashuka fa, ikarudi so. Na sisi, watu tuliolelewa kuimba kinachoguswa, tukaimba: so la so fa so. Wote arobaini, kwa pamoja, bila mtu kukosea. Baba akapeleka nukta kwenye mi. Tukaimba mi fa mi re mi. Wimbo wa Pasaka alioutunga yeye mwenyewe, wa taratibu na heshima, ukatoka umejaa mitikisiko kama gari la mkaa barabara ya vumbi. Hakuna aliyecheka. Hilo lingenishtua ningekuwa na akili, maana kwaya yetu hucheka hata mtu akipiga chafya.

Mimi nikainuka nikachukua kifaa, nikatangaza kuwa ni springi ya betri, imelegea.

Wiki ile nilikaza springi. Jumamosi nukta ikacheza vilevile. Nikasema ni lenzi, inatikisika kwenye tundu lake. Nikaizungushia uzi na gundi. Jumamosi nyingine nukta ikacheza zaidi. Nikasema ni swichi, kidole kikibonyeza kinasukuma kalamu nzima. Nikahamisha swichi kwenye waya mrefu ili aibonyeze kwa mkono wa kushoto. Kila mara mama alikuwa ananiambia, mwanangu, acha hicho kidude, njoo ukae na baba yako. Nami nilikuwa namjibu nakuja, ngoja nimalize. Nilijua lugha ya mashine, nikawa sijui lugha ya mama yangu.

Katikati ya hayo alipita mzee mmoja wa kanisa, akasikiliza mazoezi kutoka mlangoni. Tulipomaliza akaja kumshika baba mkono wa pongezi. Alisema amefurahi sana kwamba hatimaye mwalimu ameacha uzungu, ameingiza mikato ya Kigogo kwenye nyimbo za Pasaka, sauti inapanda na kushuka vile walivyoimba bibi zake. Baba akamshukuru. Alikuwa ameuingiza ule mkono mwingine mfukoni.

Usinihukumu haraka. Dalili nilikuwa naziona, nazipita. Baba alishaacha kula mlenda mbele ya watu. Alisema umemkinai, na mimi Mgogo mzima niliamini kwamba mtu anaweza kukinai mlenda. Alishaanza kumwachia mama kufungua kufuli la geti. Kikombe cha chai aliletewa nusu. Vyote hivyo niliviona, kila kimoja nikakipa sababu yake, kama ninavyofanya kazini kompyuta ikiwa na matatizo matano na mwenyewe hataki kusikia kwamba imechoka.

Jumapili moja baada ya ibada nilibeba vifaa vyangu mpaka Kikuyu. Nilitaka kummalizia kazi mbele yake. Nikaweka leza mezani, nikaibana kati ya vitabu viwili vinene, nikaiwasha ikaelekea ukutani, nikakaa na saa yangu. Nukta haikutikisika hata upana wa unywele. Nikawa nakuna kichwa, nasema kwa sauti kwamba labda ni joto la kiganja, labda jasho linaingia kwenye swichi. Baba alikuwa ananitazama tu kutoka kwenye kiti chake.

"Ikiwa hapo mezani inatulia?" akaniuliza.

"Inatulia, baba."

"Basi si mbovu." Akanyoosha mkono wake wa kulia, akauweka hewani juu ya meza, mbele ya bisibisi zangu zote. Ulikuwa unatetemeka. Haukutetemeka sana. Ulitetemeka tu, bila kupumzika, kama kuna mtu chini ya ngozi anayebisha hodi. "Kibovu ni hiki. Fungua uone."

Sikujua niangalie wapi. Nilisikia aibu mpaka masikio yakawa ya moto, na chini ya aibu kulikuwa na kitu kibaya zaidi, kwamba nilikuwa nimempiga baba yangu mbele za watu wiki nne mfululizo na kila wiki nikirudi kukaza ngumi. Nikaushika ule mkono. Uliendelea kutetemeka ndani ya wangu.

Akaniambia bila kuzunguka. Hospitali alishakwenda na mama, dawa anakunywa, jina la ugonjwa ni refu na halimsaidii kitu. Mwaka mzima aliweza kuuficha kwa sababu ya fimbo. Fimbo ukiikandamiza ubaoni inatulia, ubao ndio unaokushikia mkono. "Huu mwanga wako," alisema, "hauegemei popote." Na ni kweli. Hatua kumi kutoka ubaoni, mkono ukicheza upana wa ukucha, kule nukta inaruka noti nzima. Nilikuwa nimemjengea baba kipaza sauti cha siri yake.

Kwa nini hakusema tangu siku ya kwanza? Sikumuuliza. Nilikumbuka nilivyosimama siku ile mbele ya watu kumtetea. Angesema nini?

Aliniomba jambo moja, nisiwaambie watu. Wimbo ukifika Pasaka salama, alisema, kamati itakosa neno, wataniacha na kwaya yangu. Mtu mzima ananiomba hivyo, baba yangu, aliyenifundisha a e i o u. Nikamwahidi.

Nikajaribu yote. Nikamwekea mto chini ya kiwiko, nikamfungia kalamu kwenye mguu wa kamera, ikawa inatulia lakini haigeuki haraka, wimbo unakwenda mbele nukta iko nyuma. Nilipoishiwa na vya kutengeneza, nikaamua kutengeneza kwaya.

Siku ya mazoezi niliwahi. Nikawakusanya nje kabla baba hajafika, nikawaambia kwamba ule wimbo sasa tunao kichwani. Macho yakae kwenye nukta, lakini kila mtu aimbe anachokijua. Walinielewa upesi mno, ndipo nikajua kwamba siri niliyokuwa nimeapa kuitunza ilikuwa ya watu wote. Muuguzi peke yake alikataa. Alisema mwalimu ana sikio, atajua, na akijua itamuuma kuliko kamati. Nikamwambia wauguzi wamezoea kukata tamaa mapema. Neno lile nimemwomba msamaha baadaye, na bado naliona baya.

Tuliimba vizuri siku ile jamani. Nukta inarukaruka kama panzi, sisi tunapita katikati yake tumenyooka. Baba alifumba macho kidogo. Mara ya pili tukaimba vizuri zaidi. Nyumbani mama akaniambia baba yako amekula, amemaliza sahani. Nikajiona fundi.

Jumamosi ya mwisho kabla ya Pasaka tulikuwa katikati ya wimbo, tunaelekea mi, pale sauti inapotakiwa kutua. Baba ana mtego wake wa zamani: katika wimbo unaoujua vizuri, anagusa noti isiyokuwemo, aone nani anamtazama na nani anajiendea. Safari hii aliishika kalamu kwa mikono miwili, akaikandamiza kwenye goti lile bovu, na nukta ikapanda mpaka ti ikatulia pale, imetulia kabisa, mtu asiweze kusema hakuiona. Sisi tukaimba mi.

Akaishusha nukta mpaka sakafuni. Tukaendelea kuimba. Nilitaka kunyamaza na sikuthubutu, kwa sababu hakuna aliyenyamaza. Akaizima. Tukaimba ubeti mzima tukimtazama mtu aliyeshika kalamu ya wino uliokwisha, tukafika mwisho, tukatua wote mahali pamoja, safi, haijawahi kutoka safi vile.

Vitenge vilikuwa vinapigwa na upepo madirishani.

"Nani amewaambia?" akauliza.

Nikanyoosha mkono, mimi mwanamke mzima mwenye watoto wawili. Nikasema ni mimi, baba.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Akaiwasha leza tena, kwa mkono mmoja, hewani, bila goti. "Tunaanza upya," alisema. "Muimbe ninachoonyesha."

Tukaimba anachoonyesha. Nukta ikapanda tukapanda, ikateleza tukateleza, so la so fa so, mi fa mi re mi, mwanzo mpaka mwisho, hakuna aliyekwepa. Besi walikuwa wanalia, wanaume wakubwa, machozi yanatiririka nao hawaachi noti. Mimi sauti yangu ilikuwa inakwenda na mkono wa baba yangu, unavyokwenda na mimi hivyohivyo, na nilikuwa namchukia kila aliyeimba sawasawa na ile nukta, na najichukia mimi kwanza. Yeye alikuwa ameinamisha kichwa upande, vile anavyofanya akitafuta nani ametoka kwenye sauti. Alisikiliza yote. Tulipomaliza aliinua kichwa.

"Basi," alisema. "Nimeisikia."

Akamwita muuguzi, akamwekea ile kalamu kiganjani na kumfunga vidole juu yake. Akainuka kwa shida, akakikamata kiti chake mwenyewe, akamkatalia kila aliyetaka kumpokea, akakivuta mpaka kwenye safu ya besi na kuwaambia wasogee. Wakasogea. Akakaa. Muuguzi alikuwa analia lakini mkono wake ulikuwa imara. Aliweka nukta kwenye do, baba akaitazama kama sisi wote tulivyoitazama, akaimba do.